Mndimu wa Dodoma haufi kwa kiu

Dodoma, mti wa matunda ukifa nyumbani, wa kwanza kulaumiwa ni jua. Wa pili ni mchwa. Tangu mndimu wangu uanze kuchungulia juu ya ukuta, nimekuwa naitwa kwenda kuangalia mindimu ya watu hapa Ipagala na mitaa ya jirani, na kusema kweli bado sijakutana na uliokufa kwa kiu. Niliyoikuta inakufa ilikuwa inauawa na huruma: kikombe cha maji kila jioni, majivu ya jiko kila wikiendi, maji ya kufulia ili yasipotee bure, samadi mbichi ndoo nzima kwenye shina. Mwenye mti ana uchungu nao, anauhangaikia, na mti unazidi kukauka.

Tatizo ni kwamba mengi tunayoyajua kuhusu ndimu yametoka pwani. Wenzetu wa Muheza wanapata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, tena kwa misimu miwili. Sisi tunapata kati ya 500 na 600 hivi, na karibu yote inashuka kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni upepo na vumbi mpaka mwisho wa mwaka. Tena tuko juu, mita 1,100 na ushee kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo Juni na Julai usiku kuna baridi ya kweli, na mndimu unatulia tu, hauchipui. Mtu anauona umetulia, anadhani unaumwa, anauongezea maji na mbolea. Hapo safari ya msiba imeanza.

Mche wangu niliununua kitalu cha barabarani, kwa mzee ambaye hauzi kabla hajakuhoji. Nilimwamkia, akaitikia, halafu akaanza.

"Nyumba yenu au mmepanga?"

"Yetu, mzee."

"Maji ya bomba au kisima?"

"Bomba, lakini ya mgao."

"Yana chumvi?"

Nikacheka. Dodoma nani hajui ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika? Hapo ndipo akaacha miche aliyokuwa ameishika, akaenda nyuma kabisa ya kitalu, akarudi na mmoja uliobebeshwa, yaani tawi la ndimu limeungwa juu ya shina la mlimao. "Chukua huu, mwanangu. Mizizi ya mlimao inajua kutafuta. Wa mbegu nao si mbaya, ila utaungoja mpaka uusahau."

Kuhusu kungoja hakutania. Ndimu zetu za kienyeji, hizi ndogo za duara zenye mbegu nyingi na miba mikali, zina tabia moja nzuri: mbegu moja inaweza kutoa miche miwili au mitatu, na mingi inafanana na mama yake kabisa, si kama parachichi ambalo ukipanda mbegu hujui litakuletea nini. Kwa hiyo anayetaka kupanda kwa mbegu apande tu, mradi azipande mara anapozitoa kwenye tunda. Mbegu ya ndimu iliyoanikwa mpaka ikakauka haina kazi. Ila ajue ataingoja miaka minne, mitano, hata sita. Mche wa kubebesha unaweza kuanza kuonyesha maua mwaka wa pili au wa tatu. Zile ndimu kubwa zisizo na mbegu, ambazo siku hizi zinapendwa na wenye hoteli, hizo hazina njia nyingine zaidi ya kubebesha au kuotesha kwa tawi.

Kabla ya kuchimba, mzee alinipa onyo ambalo sijalisikia kwa mtu mwingine yeyote: nisipande pale fundi alipokuwa anakorogea zege. Dodoma hii, tangu Serikali ianze kuhamia mwaka 2016, nusu ya viwanja ni vipya na nyumba ni mpya, na uwanjani kote kumezikwa mabaki ya saruji. Nilizunguka na sururu nikitafuta sehemu safi. Karibu na ukuta wa mbele, kina cha kiganja tu, nikakutana na tabaka la kijivu gumu. Nikahamia nyuma, upande wa jiko, ambako ukuta unakinga upepo wa Agosti. Shimo lilikuwa futi mbili kwenda chini na futi mbili upana. Kwa ardhi yetu hiyo ni kazi ya mtaimbo, jembe linadunda tu. Udongo wa juu ukakaa pembeni peke yake, ukachanganywa na samadi ya mbuzi iliyolala muda mrefu hadi ikapoteza harufu, ukarudi shimoni wa kwanza. Kiungio cha kubebesha kikabaki juu ya ardhi kiasi cha kiganja, na hapo nitarudi baadaye kwa sababu ndipo watu wengi wanapopoteza mti bila kujua.

Sasa maji. Jirani yangu mmoja, nimwite Mama Neema, alinifuata akilia kuhusu mndimu wake. Anaumwagilia kila siku, hajaruka hata siku moja, na bado ncha za majani zinaungua. Nilikwenda na kisu cha jikoni. Kwenye shina udongo ulikuwa umelowa, unang'aa, ukiutazama utasema mti huu unaogelea. Nikachimba kwa kisu: vidole viwili kwenda chini, vumbi kavu. Pembeni, pale maji yanapoishia kila jioni, kulikuwa na duara jeupe ardhini. Nikalikwangua kwa ukucha, nikaweka ulimini. Chumvi.

Maji kidogo ya kila siku hayafiki kwenye mizizi ya chini. Jua la kesho yake linayanyonya, chumvi inabaki. Kesho unaongeza nyingine. Na jamii yote ya michungwa na mindimu haivumilii chumvi. Inaanza kuungua ncha za majani, rangi ya kahawia inatembea kutoka pembeni kuingia ndani, halafu jani linadondoka. Kwa hiyo yule mama alikuwa anauwekea mti chumvi kwa kikombe, tena kwa nidhamu ya hali ya juu.

Tulichofanya ni kufuta kile kisahani, yaani kishimo cha kukingia maji, kidogo kilichokuwa kwenye shina na kuchimba kingine kipana, mpaka usawa wa ncha za matawi, kwa sababu mizizi inayokunywa hasa iko huko nje, haiko shinani. Siku ya mgao tukamwaga ndoo za kutosha, polepole, ya kwanza ikinywewa ndipo ya pili, mpaka kijiti kirefu kikazama bila kugoma. Maji mengi kwa mkupuo yanaisukuma chumvi chini, mbali na mizizi. Halafu nikamkataza asiuguse mpaka juma lipite na zaidi, hata akiuonea huruma. Kuna alama ya kiu ya kweli: majani yanajikunja kwa ndani asubuhi na mapema. Yakijikunja saa saba mchana na kufunguka jioni, huo si ukame, ni mti unajikinga jua kama mtu mwingine yeyote mwenye akili.

Maji bora kuliko yote ni ya mvua, na mwezi wa Januari inafaa bomba la paa liangalie kwenye kisahani cha mndimu badala ya kumwaga barabarani. Mvua mbili tatu kubwa zinaosha chumvi ya kiangazi kizima. Ya pili kwa ubora, na hii watu wananicheka, ni maji ya kiyoyozi. Yale yanayodondoka kwenye kibomba nyuma ya ofisi hayana chumvi hata chembe, ni unyevu wa hewa tu. Mume wangu alianza kuyakinga kwa dumu kazini kwao. Wenzake walimtania sana. Sasa nasikia dumu linagombaniwa.

Ya kufulia, hapana. Sabuni ya unga ina chumvichumvi zake, zinaua ulaini wa udongo mpaka unakuwa sakafu. Yaliyooshea mchele au mboga, mwaga bila wasiwasi.

Mchwa. Hapa siwezi kusema watu wanajitesa bure, mchwa wa Dodoma ni wa kweli, na mche mchanga wanaweza kuumaliza. Lakini dawa iliyozoeleka, majivu, ndiyo iliyoniletea wagonjwa wengi zaidi. Baba mmoja wa mtaa wa pili alikuwa na mndimu mzuri, umejaa, ila majani yote machanga yalikuwa ya njano na mishipa yake imebaki kijani, kila mshipa unaonekana umechorwa kwa kalamu. Alishaweka mbolea ya dukani, hakuna kitu. Nikamuuliza kama anaweka majivu. "Tangu mwanzo, dada. Kila wiki. Ndiyo maana mchwa hawausogelei."

Ile njano ni njaa ya chuma. Na hapa ndipo pana kichekesho, maana udongo wetu mwekundu huo wekundu wake unatokana na chuma. Chuma kipo tele. Ila udongo ukizidi ugadi, chuma kinajifunga na mizizi haiwezi kukichukua, na majivu ni magadi tupu. Maji yetu nayo yanasukuma upande huohuo, na saruji ya fundi vilevile. Mti unakufa njaa huku umekaa juu ya ghala.

Aliacha majivu. Tulikwangua udongo wa juu tukautupa, tukaweka mboji na samadi iliyooza vizuri, akanunua duka la pembejeo mbolea ya kunyunyizia majani yenye chuma na zinki, akawa ananyunyizia alfajiri kabla jua halijakaza. Majani yaliyokwisha kuwa njano yalibaki njano mpaka yakadondoka, kwa hiyo alikata tamaa mapema. Ila machipukizi mapya yalikuja ya kijani. Ujue pia kutofautisha: njano ikianzia majani ya zamani, ya chini, ikafunika jani zima pamoja na mishipa, hiyo ni njaa ya kawaida, ongeza samadi tu.

Kwa mchwa mimi natumia jicho na kijiti. Matandazo lazima yawepo, bila nyasi kavu juu ya kisahani jua letu linakausha kila kitu, lakini yasiguse shina. Naacha duara wazi la upana wa kiganja kuzunguka shina, ili mchwa akipanda lazima ajenge njia yake ya tope mahali ninapoiona. Nikiiona naivunja. Matandazo nayachanganya na majani ya mwarobaini, ambayo mji huu hayakosekani. Chokaa ya kupaka shina ili gamba lisiungue na jua haina ubaya, mradi ibaki kwenye shina. Mabaki ya ndoo usimwagie hapohapo.

Wadudu wengine ni wa msimu. Mvua zikianza tu na mndimu ukatoa majani laini, anakuja kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano hafifu, anazunguka zunguka, anataga yai moja hapa moja pale. Anayetoka kwenye yai anaonekana kinyesi cha ndege kabisa, kahawia na mabaka meupe, na ndivyo anavyotaka uamini. Akikua anageuka kijani, mnene, anatulia juu ya tawi. Mwanangu alimgusa na kijiti. Yule kiwavi akarudisha kichwa nyuma, na hapo juu ya shingo zikachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa, zimelowa, na harufu kali ikatujaa puani. Mtoto alikimbia mpaka sebuleni. Baadaye akarudi na wenzake kutoka nyumba ya jirani ili awaonyeshe, na kila mmoja akataka kugusa. Mti mkubwa hauna haja ya dawa kwa huyu, anakula majani machache anaondoka. Mche mdogo ndio anaweza kuupukutisha siku mbili, kwa hiyo mchana naokota kwa mkono nawapa kuku.

Majani yakianza kuwa na masizi meusi, usiyalaumu masizi. Geuza jani utazame chini yake. Utakuta vidukari au vidugamba wananyonya, wanatoa utomvu mtamu, masizi yanaota juu ya utomvu, na sisimizi wanapanda na kushuka kuulinda mradi wao. Maji yenye sabuni kidogo ya kipande, kitambaa, uvumilivu. Narudia kila baada ya siku kadhaa mpaka waishe.

Nilisema nitarudi kwenye kiungio. Kuna shangazi mmoja maeneo ya Nkuhungu aliniambia mndimu wake umegeuka. Miaka miwili ulizaa ndimu, wa tatu ukaleta madude makubwa, ganda nene lenye manundu, maji machache. Wengine walishamwambia kuna mtu kauchezea. Nilipoinama kwenye shina niliona chanzo: mbuzi walishawahi kuutafuna juu, sehemu ya ndimu ikabaki kisiki kikavu chembamba, na chini ya kiungio limechipua tawi nene lililokwenda juu kwa kasi na kuwa mti. Alikuwa analea mlimao. Shina mama daima linatafuta nafasi ya kutoka, na chipukizi lake lina nguvu kuliko la juu. Kila ninapopita naangalia chini ya kiungio, nikiona kijicho kinatoka nakibandua kwa kidole kingali laini. Kukata kwa kisu kikishakuwa kigumu ni kukialika kirudi na wenzake. Yule shangazi ameubakiza, anasema malimao nayo yanafaa kwa chai.

Maua sasa, na hili ndilo linalowapa watu wasiwasi kuliko yote, kwa sababu linawataka wasifanye kitu. Mndimu ukipewa maji muda wote unaota majani tu, mzuri, wa kijani, hauna faida. Ukiachwa uonje kiu kwa wiki kadhaa, halafu ukapigwa maji ya kushiba, unachanua. Pwani wanangoja mvua ziwapangie. Sisi kiangazi tunacho mkononi. Mimi nausimamisha mwishoni mwa Julai, naona majani yanapoteza kung'aa, naukazia moyo. Agosti ikielekea ukingoni naujaza maji na samadi. Baada ya hapo ni harufu ya maua mpaka chumbani, na nyuki. Ndimu ya kienyeji inachukua kama miezi mitano au sita kutoka ua hadi kuiva, kwa hiyo nachuma Februari, wakati watu wanaotegemea maua ya mvua ndio kwanza wana vitunda vidogo. Zikija za kwao, Soko la Majengo linakuwa limejaa na mimi nishamaliza. Ila kuanzia ua linapofunga tunda, maji yasipishane tena. Ukikausha halafu ukafurikisha, vitunda vinamwagika chini. Vingine vitadondoka hata ukifanya kila kitu sawa. Mti hauwezi kubeba maua yote ulioyatoa, na usihesabu.

Mti ukishazaa, geti lako halifungwi. "Hodi, mama Jose, naomba ndimu mbili, mtoto ana mafua." "Shemeji, tuna supu hapa na hatuna ndimu." Wakati zimeadimika na sokoni zinauzwa moja moja kwa bei ya kukuchekesha, hodi zinaanza kabla hatujaamka. Niliweka utaratibu kwamba anayekuja kuomba ndimu aje na dumu la maji, ya mvua au ya kiyoyozi yanapokelewa kwa heshima zaidi. Wamezoea. Kuna waliojaribu kunikataza mimi mwenyewe nisichume nikiwa mwezini, eti mti utakauka. Nimechuma siku zote za mwezi na mti upo.

Cha kuwaonya wanaokuja ni miba na jua. Tawi kavu la mndimu likianguka ardhini linatoboa kandambili na kuingia kwenye nyama, kwa hiyo ukipogoa, okota kila kijiti. Na ukikamua ndimu nyingi, kama siku za shughuli, usikamulie juani na usiende juani kabla hujanawa kwa sabuni. Maji ya ndimu yakikutana na jua juu ya ngozi yanaunguza. Binti mmoja aliyesaidia kuandaa juisi ya kitchen party hapa mtaani aliamka kesho yake na malengelenge mgongoni mwa mikono, na mabaka meusi yalikaa wiki nyingi. Watu walisema kalogwa na wifi yake.

Zikizidi, nakamua nagandisha kwenye vile visahani vya barafu, halafu navihamishia kwenye mfuko. Kipande kimoja kinatosha kikombe cha chai. Mama mkwe hataki kusikia habari hiyo. Za kwake anazikata vipande vinne, anazijaza kwenye chupa na chumvi na pilipili, anaziweka dirishani jua lizipige, na akija kula mlenda anatafuta hiyo chupa kwanza kabla hajakaa.